Usiliache zimwi mlangoni: kwa dada aliyeuliza hadithi za kulalia usiku wa Halloween

Dada, futa huo mpango. Umeandika una watoto wa miaka minne na sita, mmehamia Marekani mwaka huu, na usiku wa Oktoba 31 unataka kuwasimulia ile ya zimwi na ngoma, uikatize katikati "ili wabaki na hamu ya kesho". Nilipofika hapo chai yangu ikapoa. Mimi nilifanya hivyohivyo, hapahapa Minnesota, miaka mitano iliyopita.

Binti yangu alikuwa na miaka minne na nusu. Kwenye kundi letu la WhatsApp kulikuwa na jamaa anayejifanya profesa wa mila. Niliuliza kama wewe, akaja na sauti ya dakika sita: watoto wa Kizungu wanalelewa kama mayai, wa kwetu wapewe zimwi lenyewe, sisi tulikua nalo na hatukufa. Nikaona ameongea. Baadaye sana ndiyo nikajua jamaa hana mtoto. Hana hata paka. Na sisi tuliokua na zimwi tulilisikia tukiwa watano kwenye mkeka mmoja, mgongo wa bibi uko pale unaugusa. Wangu alikuwa peke yake chumbani na taa ndogo ya usiku yenye umbo la kasa. Hilo profesa hakulisema.

Basi. Saa moja na nusu usiku, tumeshazunguka kwa majirani kuomba pipi, kama watoto wa huku wafanyavyo usiku huo, na ndoo imejaa. Paukwa, pakawa. Msichana kasahau kombe lake, gamba la baharini, ufukweni, karudi peke yake, zimwi limemtia ndani ya ngoma, linapita kijiji hadi kijiji likiipiga aimbe humo ndani, linakula na kunywa kwa sauti ya mtoto wa watu. Sauti ya zimwi niliipatia, si kwamba najisifu. Nikafika pale linapoingia kijiji cha yule msichana bila kujua, liko mlangoni kwa wazazi wake, linapiga hodi. Nikafunga: "Kesho tutaendelea." Nikajiona mtunzi wa tamthilia.

Sasa nikuulize, Halloween ni usiku gani? Ni usiku ambao watu waliovaa vinyago wanakuja kugonga mlangoni kwako. Ndiyo sikukuu yenyewe! Sijamaliza kushuka ngazi, kengele ikalia. Vijana wakubwa waliochelewa, mmoja kavaa mifupa kuanzia utosini. Mama watoto kafungua. Nageuka, binti yangu kasimama juu ya ngazi anatazama.

Zile kelele sizielezi. Jirani alitoka nje na kiatu kimoja.

Wiki saba, dada. Wiki saba alilala katikati yetu, kisigino chake kwenye mbavu zangu. Nilikuwa napiga zamu ya usiku ghalani, ile yenye nyongeza kwa kila saa, na mama watoto anaingia alfajiri kwenye nyumba ya wazee. Mtoto hataki baba atoke, maana zimwi "litapanda kwenye gari". Nikaomba zamu ya mchana, nyongeza ikaenda na maji. Halafu Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zikarudishwa nyuma, kama wanavyofanya huku kila mwaka, saa kumi na moja jioni giza hilo linaingia, kwa hiyo na hofu ikaanza kuripoti mapema. Mwalimu wake akanipigia, kwa upole kabisa, kuuliza yule mwenye ngoma anayechorwa kila siku ni nani hapo nyumbani. Nikasema ni mjomba.

Nikaharibu zaidi kwa kuelimisha. Nikamweleza kwamba mambo haya yalitoka Ireland na Scotland, kwamba kule walichonga taa kwenye tanipu, mboga ya mzizi kama figili nene, kabla ya kuyakuta maboga Marekani, kwamba ni mkesha wa Watakatifu Wote, na kwamba watu wa kale waliamini wafu hutembea usiku huo. Katika yote hayo aliondoka na neno moja: wafu.

Kwa hiyo shika hili tu: zimwi lilale kabla ya mtoto. Humohumo ndani ya hadithi lipige miayo, lilale, likorome na mtoto alisikie likikoroma. Lisiachwe nje. Lisiachwe mlangoni. Lisiachwe mpaka kesho!

Yangu ya siku hizi ni zimwi dogo lisilo na vazi la Halloween. Linatoka hivyohivyo, na kila mlango wanalisifu, "Lo, umependeza, vazi umenunua wapi?" Ndoo inajaa, miguu inauma, linarudi kwa mama yake. Linapigishwa mswaki, na meno yake ni mengi, tunayahesabu moja moja polepole. Mara nyingi hatufiki ishirini. Kisha linajikunja ndani ya boga, mtoto anapuliza mshumaa (wa betri, nazima mimi kwa kidole), zimwi linakoroma. Basi. Niliwahi kumtia bundi, maana vitabu vya watoto huku vimejaa bundi wenye macho ya huruma. Mama mkwe alikuwa kwenye simu ya video, akauliza kwa nini naita msiba usiku usiku. Nikamtoa bundi, nikaweka popo. Popo alipita bila maswali.

Na huyo aliyekujibu kabla yangu, anayekushauri uwaambie mazimwi hayapo, mimi nilimwambia wangu wiki ya kwanza. Akaniuliza, sasa aliyepiga hodi alikuwa nani?

Mavazi nunua makubwa yaingie juu ya jaketi, kama mko upande wa baridi. Uliuliza na mengine mawili, sijui matatu, lakini naandikia kwenye basi na kituo changu ndiyo hiki.