Kwa muuguzi mpya wa wodi ya moyo ya watoto

Mdogo wangu, kabla hujakariri majina ya operesheni, jifunze kukagua mrija wa dripu.

Mtoto mwenye tetralojia ya Fallot, kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo, ana tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, na njia ya damu kwenda mapafuni imebana. Damu isiyo na oksijeni inavuka tunduni na kuingia aorta, mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini. Kiputo cha hewa ambacho kwa mtoto mwingine kingenaswa mapafuni, kwa huyu kinaweza kupanda hadi ubongoni. Toa kila kiputo, hata kilichojificha kwenye kiungio. Watakucheka unavyogonga mrija kwa kidole. Waache wacheke.

Ubluu wa kukosa oksijeni usiutafute kwenye mashavu, ngozi zetu zinauficha. Mwambie atoe ulimi.

Halafu kiu. Damu ya watoto hawa ni nzito, na joto hili la Dar halisaidii. Amezuiwa kula na kunywa tangu alfajiri, operesheni ikasogezwa hadi mchana? Piga simu chumba cha upasuaji, uliza, daktari aandike dripu.

Mwaka wangu wa kwanza mtoto mmoja alilia asubuhi wakati wa kutolewa damu, nikadhani anadeka. Kumbe midomo inazidi kuwa ya zambarau. Mama yake ndiye aliyemkunja magoti hadi kifuani, kama alivyozoea kufanya nyumbani, wakati mimi bado natafuta oksijeni. Magoti yakikunjwa, mishipa ya miguu inabanwa, na damu nyingi zaidi inasukumwa kuelekea mapafuni. Ndiyo maana wakicheza huchuchumaa wenyewe, bila kufundishwa. Tangu siku ile, mama akiniambia "leo hayuko sawa", naacha ninachofanya.

Operesheni ya kwanza ya kuwasaidia watoto wa namna hii ilifanyika Baltimore, Marekani, mwaka 1944. Aliyeifanyia majaribio kwa mbwa ni Vivien Thomas, fundi wa maabara Mweusi asiye na shahada ya udaktari. Alisimama nyuma ya Blalock, daktari aliyepasua, akimwelekeza. Mkumbuke siku daktari atakapokuuliza wewe ni nani.

Baada ya upasuaji, shika nyayo. Zikiwa baridi na mkojo ukishuka chini ya mililita 1 kwa kilo kwa saa, usingoje mashine ilie. Na mrija wa kifuani uliokuwa ukitoa damu ukikauka ghafla, usishangilie: huenda umeziba, damu inajikusanya ndani na kuukaba moyo. Mwite daktari, hata kama ni saa tisa usiku na ndiyo kwanza amejilaza.