Anti, nitoe titi lote au uvimbe tu?

Shikamoo Anti. Mi nina miaka 44 na watoto wawili. Mwezi uliopita nimeambiwa nina kansa ya titi la kushoto, uvimbe una sentimita mbili na kidogo, na tezi za kwapani kwenye picha zinaonekana safi. Daktari kanipa njia mbili, kutoa uvimbe tu afu nipigwe mionzi, au kutoa titi lote, na akasema nikitoa lote naweza kutengenezewa lingine hapohapo kabla sijaamka. Hapo ndo nikachanganyikiwa. Mume wangu anasema toa lote tumalize, dada yangu anasema toa na la kulia kabisa kama Angelina Jolie, mama yeye analia tu. Naogopa nikilibakiza nitakuja kujilaumu na nikilitoa sitajitambua. Na huku kutengenezewa ni kitu cha maana au ni urembo tu? Nijibu haraka Anti, tarehe waliyonipa ni wiki mbili zijazo.

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nianze na hizo wiki mbili mana naona zinakunyima usingizi kuliko hata uvimbe wenyewe. Kansa ya titi kwa kawaida sio kitu cha kukimbizana nacho usiku usiku kama kidole tumbo kilichopasuka. Huo uvimbe umekaa humo muda mrefu, pengine miaka, kabla hujaugusa. Kungoja wiki kadhaa upate majibu kamili, hata ukamwone daktari mwingine usikie na yeye anasemaje, ni sawa kabisa, ila miezi na miezi ndo hapana. Muulize daktari wako bila woga, majibu yote ya biopsi, kile kipimo cha kipande cha nyama ya uvimbe, yametoka? Ya homoni je, yaani kama kansa inalishwa na homoni? Ya HER2 je, ile protini inayofanya kansa nyingine zikue haraka? Kuna aina zinazoanza na kemo, dawa kali za kuua kansa, kabla ya kisu, uvimbe unasinyaa, na mpango mzima wa upasuaji unaweza kubadilika.

Sasa tuje kwa mumeo na hiyo “toa lote tumalize”. Namwelewa, anaogopa kukupoteza, na kwa akili ya kawaida kutoa kingi kunaonekana ni kupona zaidi. Lakini hili limepimwa kweli kweli. Kulikuwa na majaribio mawili makubwa yaliyoanza miaka ya 1970, moja Marekani chini ya daktari Bernard Fisher na lingine Milan chini ya Umberto Veronesi, wanawake wakagawanywa, wengine wakatolewa titi lote, wengine wakatolewa uvimbe tu na kupigwa mionzi, wakafuatiliwa miaka 20. Majibu yakatoka 2002: waliobakiza titi na waliotolewa lote waliishi sawasawa. Sababu ni kwamba kansa ya titi haimuui mtu ikiwa pale kifuani, inaua ikishasafiri kwenda kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo, na huko kisu cha kifuani hakifiki, huko kinachofika ni dawa. Kwa hiyo aina ya kansa yako na dawa utakazopewa baadae vina uzito kuliko ukubwa wa kidonda.

Ila usinielewe vibaya kuhusu mionzi. Kwenye lile jaribio la Marekani waliotolewa uvimbe bila mionzi, kama 39 kati ya 100 kansa iliwarudia kwenye titi lilelile ndani ya ile miaka 20, waliopigwa mionzi ni kama 14. Siku hizi namba ziko chini zaidi ya hapo kwa sababu dawa zimekuwa bora, lakini uwiano ndo huohuo, mionzi ni nusu ya matibabu. Kama unajua hutaweza kwenda kila siku ya kazi kwa wiki tatu mpaka tano hivi, labda mashine iko mbali au kuna ugonjwa mwingine unaokuzuia, hiyo pekee ni sababu nzuri ya kutoa titi lote. Sababu nyingine ni uvimbe kuwa mkubwa sana ukilinganisha na titi, kansa kutapakaa sehemu nyingi za titi, kansa ile inayovimbisha titi zima na kuligeuza jekundu, kifua kuwahi kupigwa mionzi zamani, au kingo za nyama iliyotolewa kuendelea kuonyesha kansa hata baada ya kurudia. Na mwambie mzee hapo nyumbani kwamba kutoa titi lote sio tiketi ya kukwepa mionzi. Wakikuta kansa kwenye tezi za kwapani unaweza kupigwa vilevile.

Dada yako naye anataka kukulinda, ila mfano wake sio wako. Angelina Jolie alipotangaza 2013 kwamba ametoa matiti yote mawili hakuwa na kansa, alikuwa na jeni ya BRCA1 iliyoharibika, ya kurithi. Mwenye jeni hiyo nafasi ya kupata kansa ya titi kabla ya kufika miaka 80 ni kama 70 kwa 100, kwake hesabu ile ina maana. Asiye nayo, hatari ya titi la pili ni ndogo, kwa wastani haifiki hata moja kwa mia kwa mwaka, na kulitoa hilo lisilo na kansa hakujaonekana kumwongezea maisha. Kinachoongezeka ni kidonda cha pili, mirija ya pili ya kutoa majimaji, na nafasi ya pili ya kuoza au kuvuja damu. Lakini wewe una miaka 44, chini ya 50, kwa hiyo omba kipimo cha jeni na uombe kabla ya upasuaji, hasa kama kwenu kuna shangazi au mama mdogo aliyepata kansa ya titi au ya ovari. Majibu yakija vibaya tunaongea lugha nyingine kabisa.

Kutengenezewa titi sio urembo, ni sehemu ya matibabu, na asikuchekee mtu kwa kuliuliza. Ila ulivyoambiwa “hapohapo kabla hujaamka” ni kama vile unalala na moja unaamka na lingine, afu hadithi imeisha. Mara nyingi haiendi hivyo. Ukichagua implanti, yaani kitu laini kinachowekwa ndani ya kifua kiwe umbo la titi, wengi wanaanza kuwekewa kifuko cha kutanua ngozi, kinajazwa maji ya chumvi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, afu unarudi mezani kubadilishiwa implanti yenyewe. Na implanti sio ya maisha, inaweza kupasuka, au mwili ukaizungushia kovu gumu likaiminya, na mionzi inazidisha hayo, kwa hiyo kama mionzi iko njiani swali la kwanza kwa daktari liwe hilo. Uliza pia ni ya uso laini au wa kukwaruza, mana mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni dunia nzima aina yake moja ya uso wa kukwaruza kwa sababu ya limfoma, kansa adimu inayoota kwenye kovu linalozunguka implanti.

Njia nyingine ni kutumia nyama yako mwenyewe, ya tumbo au ya mgongoni. Hii inadumu, ina ulaini wa mwili, ukinenepa inanenepa na wewe. Lakini ni operesheni ndefu ya masaa mengi, una vidonda viwili vya kuuguza, na ile ya tumbo mara nyingi inataka mtaalamu wa kuunga mishipa midogo sana ya damu. Ukivuta sigara au sukari yako iko juu, hatari ya nyama kufa au kidonda kutofunga inapanda, njia yoyote utakayochagua.

Afu kuna jambo ambalo wanawake wengi wanakuja kuligundua bafuni: titi lililotengenezwa kwa kawaida halina hisia, au inarudi kidogo sana. Linaonekana, ila likiguswa ni ganzi. Hata chuchu ikibakizwa, na inawezekana kubakizwa kansa ikiwa mbali nayo, mara nyingi hisia zinapotea. Hilo lazima wewe na mumeo mlijue mapema.

Na unaruhusiwa kubaki bila. Wapo wanaovaa titi la bandia ndani ya sidiria, wapo wasiovaa chochote, na wanaendelea na maisha yao. Ukiamua hivyo mwambie daktari mapema, kwa maneno ya wazi, kwamba unataka kifua kifungwe kiwe bapa na safi, kwa sababu wapo madaktari wanaobakiza ngozi inayoning'inia “ikitokea ukabadili mawazo” na unaishia na mikunjo usiyoitaka.

Sasa ukiniuliza mi ningefanyaje. Kwa ulivyonieleza, kipimo cha jeni kikija safi na mionzi ikiwa inafikika, ningetoa uvimbe na kubaki na titi, huku nikijua litabaki dogo na gumu kidogo kuliko la kulia. Lakini kama unajijua kwamba kila mwaka ukienda mammogramu, ile picha ya matiti, utakuwa huli hulali wiki nzima, hiyo nayo ni sababu, na hakuna daktari wa kukuambia ni ya kijinga. Uamuzi wa kutengeneza hauhitaji tarehe hiyohiyo.

Anti, mi ni msomaji mwingine, nilishatolewa titi miaka mitatu iliyopita, nikapigwa na mionzi, wakati ule sikutaka kutengenezewa. Saizi nataka. Nimechelewa?

Hujachelewa mwanangu, wapo wanaofanya hata baada ya miaka kumi. Ila kwa kuwa ngozi yako imepita kwenye mionzi, utakuta wengi wanakushauri nyama ya mwili wako kuliko implanti peke yake, ngozi iliyopigwa haitanuki vizuri. Tafuta ripoti ya upasuaji wa kwanza na ya mionzi uende nazo, na kama umewahi kupasuliwa tumbo, hata kwa uzazi, liseme mapema, mana mishipa ya hapo ndo watakayoitaka.