Kompyuta Ikizima Ghafla, Usianze na Kurekebisha Diski

Umeme ulikatika alasiri, nami niko katikati ya kuchapa picha za harusi. Uliporudi baada ya magharibi, kompyuta ya dukani kwangu hapa Langoni, Lamu, iliwaka, ikatoa skrini ya buluu, ikazima. Mara ya pili ikadai haioni diski. Nikang'ang'ana nayo mpaka Windows ikafunguka, kisha nikaiachia chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, ipite diski nzima usiku kucha. Nilijiona fundi kweli.

Asubuhi nilikuta diski inagonga, tk, tk, tk, kama mtu abishaye hodi bila haraka. Picha zilizookoka hazikufika nusu. Katika moja, bibi harusi anaonekana kuanzia ushungi hadi kidevuni. Chini ya hapo ni kijivu kitupu. Mamake alipokuja aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hukuweka nakala?"

Chkdsk hutengeneza mpangilio wa mafaili, haitibu chuma. Diski ikiwa inakufa, kuipitisha sekta kwa sekta (vile vijisehemu vyake vya kuhifadhia data) na kuiandikia juu yake ni kumkimbiza mgonjwa wa moyo ngazi za ghorofa. Kwanza ujue ugonjwa uko wapi.

Siku hizi naanza na sikio. Ikigonga au kukwaruza, naizima papo hapo. Vichwa vya kusomea huelea juu ya sahani zinazozunguka ndani yake kwa nafasi ndogo kuliko unywele, na vikigusa, kila dakika ya umeme inakula data. Hiyo ni kazi ya mtaalamu mwenye chumba kisicho na vumbi. Usiifungue kifuniko, na habari za kuitia kwenye friza ziache huko huko zilikotoka. (SSD, yaani diski zisizo na sahani, hazigongi; hizo hufa kimya.)

Ikiwa imetulia, nawasha kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi, mafaili ya diski yenyewe nisiyafungue, kisha kwa smartctl, programu inayosoma ripoti ya afya ya diski, naandika smartctl -a /dev/sda. Neno PASSED, yaani "imefaulu", lisikutulize. Nimeliona kwenye diski zilizokuwa zinakata roho. Shuka chini kwenye jedwali, utazame safu wima ya mwisho. Namba 5 ni sekta zilizokwisha kubadilishwa kwa za akiba. 197 ni zinazosubiri hukumu, diski imeshindwa kuzisoma. 198 ni zilizoshindikana kabisa. Mimi 197 ikiwa juu ya sifuri sibishani, nanakili kwanza.

Na 199? Hiyo humsingizia diski bure. Ni makosa ya njiani, kati ya diski na ubao mama, na mara nyingi mkosa ni waya. Mwalimu mmoja jirani yangu alikuwa ameshatenga pesa za diski mpya. Nilipochomoa waya wa SATA niliona meno yake yamefifia. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na vyuma. Nikaweka waya mwingine. Ile hesabu hairudi nyuma, kwa hiyo niliiandika kwenye karatasi, nikaichungulia baada ya wiki: palepale. Diski ilikuwa nzima. Namba zote zikiwa safi na kompyuta bado inaanguka, pima RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kwa programu ya memtest86+, na usiisahau pawasaplai, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme.

Diski ikiwa ndiyo mgonjwa, chombo changu ni ddrescue, programu ya Linux ya kunakili diski mbovu. Andaa diski nyingine yenye nafasi kuizidi, ifungue kwenye Linux, uingie kwenye folda yake, kisha andika: ddrescue -d /dev/sda nakala.img ramani. Soma jina la diski mara mbili kabla ya kubonyeza. Huchota kwanza yaliyo mepesi, halafu hurudi kwenye yanayosumbua, na faili la ramani hukumbuka ilipofika. Juzi ilinichukua siku mbili na umeme ukakatika tena katikati. Nilirudia amri ileile, ikaendelea pale ilipoachia, na matengenezo yote nikayafanyia kwenye nakala.