Kompyuta kuukuu, mfumo mwepesi: maswali yenu

"Nina kompyuta ya zamani sana. Niweke Linux ipi?"

Swali hili la Linux, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, limeletwa na watu wanne, karibu kwa maneno yale yale. Mmoja kaambatisha picha ya laptopu ikiwa imefungwa, na stika ya Simba juu ya kifuniko. Jamani, zamani yako si zamani yangu. Kama Windows bado ipo, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha niambie prosesa ni ipi na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ni kiasi gani. Mimi sipigi ramli.

"Laptopu yangu ni Pentium M, RAM MB 512. Nikiwasha kwa flashi ya Lubuntu 18.04 inagoma, inasema prosesa haina PAE."

Huyu ndiye aliyeuliza vizuri. PAE (njia ya prosesa ya biti 32 kutumia RAM nyingi zaidi) unayo, Pentium M za mwanzo hazijitangazi tu. Ukiongeza neno forcepae kwenye mstari wa kuwashia, itawaka. Lakini usijisumbue, toleo hilo la Lubuntu, mojawapo ya Linux nyepesi, lilishaachwa, na kuanzia 2019 Lubuntu haitoi tena biti 32, yaani matoleo ya prosesa za kale kama yako. Chukua antiX 23 ya biti 32, Linux nyingine nyepesi: kerneli yake (kiini cha mfumo) haidai PAE, na imejengwa juu ya Debian 12, Linux ambayo nyingine nyingi hutokana nayo. Fanya sasa, maana mlango unafungwa. Debian 13 ya Agosti 2025 imetoka bila kisakinishi cha biti 32, na Mozilla nao wametangaza kuachana na Firefox ya biti 32 kwenye Linux.

"Nikiweka Linux, picha zangu zitafutika?"

Ndiyo, ukichagua kufuta diski yote. Hamisha kwanza, kisha zifungue huko ulikozihamishia uone kama kweli zinafunguka. Wengi huruka hatua hii ya pili, halafu kilio huletwa kwangu.

"Nimeweka Puppy kwenye mashine ya RAM GB 1. Inawaka haraka ajabu, lakini nikifungua YouTube inaganda. Kuna Linux nyepesi zaidi?"

Ipo. Tiny Core ni ndogo kuliko wimbo mmoja usiobanwa, na haitakusaidia chochote. Nimeshasema na nitasema tena: kinachoua mashine kuukuu ni kivinjari. Juzi nilikaa mbele ya mashine kama yako nimefungua htop, programu inayoonyesha kwa mistari RAM na prosesa zinavyotumika. Baada ya kuwaka, RAM iliyotumika haikufika MB 200. Nikafungua Firefox, ukurasa mmoja tu wa barua pepe: ule mstari ukapanda hadi mwisho, taa ya diski ikawaka bila kupepesa, na kishale cha mausi kikakwama katikati ya skrini. Hakuna mfumo endeshi utakaoupunguzia uzito ukurasa ulioandikwa na watu wenye RAM GB 32.

Kwa hiyo ongeza RAM kama mazabodi inakubali, washa zram (inabana data ndani ya RAM ili nafasi itoshe), na weka SSD ndogo, yaani diski ya kasi isiyozunguka. Video itazame kwa kichezeshi cha mpv, kwa H.264 (namna ya zamani ya kubana video) ya ukubwa mdogo wa 360p, kwa sababu kadi yako ya picha haijui namna mpya za VP9 wala AV1, na mzigo wote unaangukia prosesa. Na acheni kubadilisha Linux kila wiki kama shati.

"Kila tovuti inaniambia si salama."

Angalia tarehe ya kompyuta. Ikisema 2005, nunua betri ya CR2032, ile ndogo ya mazabodi inayotunza saa: tarehe ikikosewa, vyeti vya usalama vya tovuti hukataliwa.

"XP yangu haina shida, kwa nini nihame?"

Kaa nayo, lakini chomoa intaneti. Masasisho yake yalikoma tarehe 8 Aprili 2014.

"Shule yetu imeahidiwa Pentium 4 kumi na mbili kutoka ng'ambo. Linux ipi inafaa?"

Mwalimu, kwanza hesabu umeme. Tuseme kila moja pamoja na skrini yake ya chogo inakula wati 150. Kumi na mbili kwa saa sita ni karibu uniti 11 kwa siku, bila feni ya darasani. Nani atalipa? Mimi ningekataa, niombe Core 2 Duo tano zenye RAM GB 4: zinatumia biti 64, na Debian ya kawaida yenye Xfce (mwonekano mwepesi wa skrini na menyu) inazitosha. Wakishikilia hizo hizo za Pentium 4, waulize watakuja lini kuzichukua zikifa.