Albamu Niliyoisikia Nusu

Wiki hii mmeuliza: ni albamu gani iliyorekodiwa jukwaani ambayo hujawahi kuichoka? Yangu ni Live at Leeds ya The Who, bendi ya roki ya Uingereza, ingawa miaka miwili ya mwanzo niliisikia nusu tu.

Mjomba wangu alikuwa baharia. Safari moja aliporudi Tanga alinipa kaseti isiyo na kasha. "Haya mjomba, makelele ya Wazungu hayo." Redio yetu ilikuwa na spika mbili, moja imekufa zamani. Sikujua kwamba katika albamu hii besi ya John Entwistle imewekwa upande mmoja na gitaa la Pete Townshend upande wa pili. Spika yetu nzima ikawa ndiyo ya besi. Sauti ya Roger Daltrey na drams za Keith Moon nilizipata vizuri, ila gitaa nililisikia kwa mbali, kama redio ya jirani. Nikaamini kabisa kwamba hii ni bendi ya mpiga besi na wenzake wanamsindikiza.

Mwishowe redio ikapelekwa kwa fundi. Akakuta waya umechomoka nyuma ya spika iliyokufa. "Weka kanda tujaribu." Nikaweka mwanzo wa upande wa kwanza, "Young Man Blues", wimbo mfupi wa mpiga piano Mose Allison ambao The Who waliugeuza ugomvi. Daltrey anaimba mstari peke yake, kimya kinaingia, halafu vyombo vyote vinamwangukia kwa pamoja. Fundi aligusisha waya kwa risasi ya kulehemu wakati wa kimya kimojawapo. Vyombo viliporudi, vilirudi na gitaa. Yule mzee aliruka, akidhani ameunguza kitu.

Tangu siku hiyo nimeisikia nzima, na bado nasema kwamba nilichoamini kabla hakikuwa mbali na kweli. Bendi zetu za dansi zina solo, rizimu na besi. The Who walikuwa na gitaa moja tu, kwa hiyo Townshend akiacha rizimu apige solo, nyuma panabaki shimo. Entwistle ndiye anayeliziba: anapanda juu na besi yake, anapiga noti nyingi kuliko mpiga solo, na bado chini hapabaki patupu. Sikilizeni "My Generation". Ya studio, ya 1965, ni ya dakika 3 na ushee, na tayari ina solo ya besi. Ya Leeds inakaribia dakika 15, inapita kwenye vipande vya Tommy, albamu yao ya 1969, na kurudi, na kila Townshend anapobadili njia, besi imeshafika kabla yake.

Ilirekodiwa tarehe 14 Februari 1970 katika bwalo la Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, mahali pa wanafunzi kula. Kesho yake walirekodi pia katika mji wa Hull, lakini huko besi haikuingia kwenye kanda katika nyimbo za mwanzo, wakachagua za Leeds. Wangetoa za Hull, mimi na spika yangu moja tungesikia nini?

Santuri ya mwaka ule ilikuwa na nyimbo 6 tu, kutoka onyesho la zaidi ya saa 2. Toleo la 1995 lina 14, na wengi hulipenda zaidi. Mimi nabaki na lile fupi. Kasha lake lilikuwa la kahawia lililogongwa muhuri, kama santuri za magendo zinazotolewa bila idhini ya bendi, na kwenye lebo waliandika kwa mkono kwamba mikwaruzo inayosikika ni sawa, isirekebishwe. Kwenye toleo la 1995 ikasafishwa. Humo naikosa ile mikwaruzo. Kwenye kaseti ya mjomba nilikuwa nadhani ni mchanga.

Siku hizi nasikiliza kwa hedifoni, na mara nyingi naondoa upande wa gitaa nibaki na Entwistle, kama zamani. Isipokuwa kwenye "Magic Bus". Humo, sehemu kubwa ya wimbo, besi inagonga noti moja ile ile, na mwenyewe alikuwa hapendi kuupiga. Hapo namrudisha Townshend sikioni haraka.