Nchi kavu, majini au anga? Ushauri wa aliyekaa chumba cha injini miaka 9

Dogo, umesema una miaka 19, shule umemaliza, kujiunga na jeshi umeshaamua na hutaki mtu akwambie uache, unachouliza ni kimoja tu, uende nchi kavu, majini au anga. Sawa, sikwambii uache. Mi nilikuwa mwanamaji miaka 9, fundi mitambo, nikatoka na goti zima ila masikio yanalia mpaka leo, usiku kukiwa kimya ndo kelele zinaanza, kwa iyo ninayokwambia sijasimuliwa.

Swali lako liko kinyumenyume kidogo. We unachagua jeshi, wakati ungetakiwa uchague kazi. Rangi ya sare utaizoea wiki mbili tu, baada ya hapo hata huioni, ila kazi utaamka nayo kila siku miaka yote ya mkataba.

Nikwambie mi nilivyochagua, na usicheke. Nilichagua majini kwa sababu ya uvivu. Nilikuwa sipendi kutembea, nikapiga hesabu zangu kwamba askari wa miguu anatembea, rubani anasoma sana, mwanamaji yeye chombo kinambeba anasimama juu anaangalia bahari. Kumbe depo, yani kambi ya mafunzo ya mwanzo, haijali umejaza nini kwenye fomu, mbio ni zile zile, kwata ni ile ile, mzigo mgongoni ni ule ule na afande anayekuamsha usiku wa manane ni wa aina moja kila sehemu. Nikavumilia nikimaliza nakula bahari kwa macho, nikamaliza, nikapelekwa chumba cha injini. Chini kabisa ya meli. Joto linapita nyuzi 40, mnaongea kwa ishara maana injini zinanguruma, na ile bahari niliyoifuata naisikia tu ikigonga bati upande wa pili. Kuna safari nilikaa siku nne sijaliona jua.

Tulikuwa watatu toka shule moja. Wa pili alienda anga, na huyu stori yake ndo nataka uishike vizuri maana watu wengi wanaingia mkenge hapo hapo. Alijua anga maana yake ndege. Sasa karibu kila nchi rubani ni afisa, anapita chuo cha maafisa na mchujo wa afya mkali, na idadi yao ni ndogo sana ukilinganisha na wanaobaki chini. Ndege moja ikipaa nyuma yake kuna fundi injini, fundi umeme, watu wa silaha, watu wa mafuta, wa parachuti, wa rada, wa hali ya hewa, waongoza ndege, zimamoto, mtunza stoo, na mlinzi wa uzio. Jamaa yangu akawa wa uzio. Miaka mitatu anazunguka na uzio wa kiwanja, ndege anaziona zikipita juu ya kichwa kama raia yeyote yule. Na wala hakuonewa, kwenye fomu pale pa kuchagua fani aliandika "yoyote". Yani ukiandika yoyote unapewa pale penye upungufu, na penye upungufu kuna sababu watu hawapataki.

Mkataba wa pili akaomba ufundi wa injini za ndege, akasubiri, akapata. Leo hii uraiani ndo amenyooka kuliko sisi wote, japo vyeti vya jeshi peke yake havikumtosha, ilibidi akakalie mitihani ya leseni ya kiraia, ila mikono ilishajua kazi kwa iyo haikumsumbua.

Wa tatu alienda askari wa miguu, na kwa makusudi kabisa, hakutaka kitu kingine. Magoti yake sasa hivi ni ya mzee. Kubeba kilo 30 na zaidi kwenye mabonde na milima sio mchezo, mwili unakudai baadaye na riba. Alipotoka kitu cha kwanza alichopewa uraiani ni kazi ya ulinzi. Ila ukimuuliza kama anajuta anakushangaa, wale wenzake wa kikosi chake mpaka leo wanapigiana simu, mmoja akifiwa wanakuja wote. Mi mwenyewe nina watu wa hivyo wawili tu. Kwa iyo sio kila kitu ni cheti dogo, kuna watu wanatafuta ule undugu, na kama ndo unachotafuta basi nchi kavu ndo kwao. Halafu nchi kavu sio bunduki tu, kuna mizinga, vifaru, mawasiliano, uhandisi wa madaraja na mabomu ya ardhini, udereva, uuguzi, ukarani. Mara nyingi ndo kamandi kubwa kuliko zote kwa iyo fani nazo ni nyingi, watu wanaidharau bure.

Turudi majini maana hapa ndo kwangu. Kitu cha kwanza ni usingizi. Baharini hakuna kulala usiku na kuamka asubuhi, kuna zamu, za kawaida ni za masaa manne manne, na meli nyingi jioni ile zamu moja wanaikata vipande viwili vya masaa mawili mawili ili duara lisogee, mtu yule yule asikamatwe na saa sita usiku kila siku. Inaonekana haki, na ni haki, ila mwili wako hautajua saa ngapi kwa wiki kadhaa. Kitanda ni rafu, juu yako mtu chini yako mtu, begi lako lote linaingia kwenye kijisanduku. Ukigombana na mtu huna pa kwenda, kesho mko naye korido ile ile upana wa mabega. Kama we ni mtu wa kununa ukanuna wiki nzima, aisee usije. Nyambizi ndo usiseme, zile za nyuklia zinaweza kukaa chini hata miezi mitatu na mawasiliano na nyumbani ni ya kuhesabu.

Kitu cha pili, kichefuchefu. Watu wanaogopa hiki kuliko vyote na mi nakwambia ndo kidogo kuliko vyote. Jicho linaona ukuta umetulia, sikio la ndani linasema tunayumba, ubongo unachanganyikiwa, unatapika. Wengi siku tatu nne wanazoea. Nelson yule admirali, mkubwa wa wanamaji wa Waingereza, aliyekufa kwenye vita ya baharini ya Trafalgar 1805 alisumbuliwa na bahari maisha yake yote na meli aliongoza. Mi nilitapika siku mbili nikiwa na spana mkononi, sajenti akaniletea ndoo akasema endelea.

Kilichonibakiza kule miaka 9 ni kwamba ile kazi niliipenda. Sikuichagua, nilibahatika. Kufungua pampu ikiwa imekufa katikati ya maji, hakuna duka hakuna fundi mwingine, ni nyie na vipuri mlivyobeba, halafu inawaka... hiyo raha siwezi kukueleza. Ila ni bahati ile, tulioingia pamoja nusu walihesabu siku za kutoka.

Sasa mkataba. Anayekuandikisha mara nyingi ana idadi anayotakiwa afikishe, sio adui yako ila sio mjomba wako pia. Fani aliyokuahidi kwa mdomo kama haipo kwenye karatasi basi haipo. Soma na miaka pia, kwa mfano Marekani mtu anaweza kusaini minne ya kazini akadhani ndo basi kumbe jumla ya deni la mkataba wa kwanza kwa kawaida ni miaka 8, inayobaki uko akiba na wakikuhitaji wanakuita. Ya kwako itakuwa na vifungu vyake, vitafute. Na nchi hazifanani, Canada walishaunganisha majeshi yao yakawa moja tangu 1968, pale unaomba kazi kwanza, sare itafuata, na mi naona wao ndo wamelipata jibu la swali lako. Sehemu zingine unajiunga tu halafu wakubwa ndo wanaamua uende wapi, ukiwa huko basi pambana na kile kinachoangaliwa wakati wa kupangwa, alama zako, vyeti vya ufundi, leseni ya udereva, lugha.

Ukitaka kujua ukweli wa kamandi usimuulize mwenye nyota mabegani. Tafuta askari wa cheo cha chini mwenye miaka miwili mitatu, muulize Jumanne iliyopita ulifanya nini toka unaamka mpaka unalala. Usimuulize kuhusu vita wala medali, muulize Jumanne. Akisema alipanga stoo, akasubiri gari lisilokuja, akafagia, akaingia lindo, basi hayo ndo maisha yenyewe, jiulize kama unayaweza mara 300 kwa mwaka.

Na kabla hujajaza fomu kapime macho, ule mtihani wa vidoti vya rangi vyenye namba ndani. Aliutengeneza daktari wa jeshi la Japani anaitwa Ishihara, ulitoka 1917, mpaka leo unaangusha watu. Mwanaume anaweza kuishi miaka 20 hajui kwamba hatofautishi nyekundu na kijani vizuri, na meli usiku taa nyekundu iko kushoto kijani kulia, kwa iyo usukani na fani kibao za anga unafungiwa hapo hapo. Kijana mmoja tulikuwa naye kwenye foleni alikuwa amejiandaa mwaka mzima kuwa mwongoza ndege, akajua kuhusu macho yake siku ile ile mbele ya daktari, ikabidi achague fani nyingine ndani ya dakika kumi akiwa amevaa kaptula.