Kwa nini nyumbu ni wengi na simba wachache

Dada, umeuliza kwa nini Serengeti ina nyumbu zaidi ya milioni moja na simba kama 3,000 tu, na kama sababu ni ujangili. Ujangili upo na unauma, lakini hata usingekuwepo simba wangebaki wachache.

Mtazame ng'ombe wa ndani huku kwetu Moshi. Kila siku tunampandishia mizigo ya majani kutoka tambarare, na uzito anaoongeza ni mdogo mno ukilinganisha na mizigo ile. Sehemu kubwa ya nishati ameitumia kupumua, kucheua, kuendesha mwili, ikatoka kama joto. Asubuhi ya baridi ya Julai weka mkono ubavuni mwake, utalisikia. Nyingine imo kwenye kinyesi, ndiyo maana mtambo wa biogesi unawaka.

Kwa makadirio, kila ngazi ya ulaji (nyasi, kisha anayekula nyasi, kisha anayemla huyo) huipa inayofuata asilimia 10 hivi ya nishati yake. Nyasi zikiwa na kilokalori 10,000, nyumbu hubaki na 1,000, simba 100, ndiyo maana simba hawawezi kuwa wengi kama nyumbu.

Wanafunzi wengi huchanganya hapa: virutubisho hurudi udongoni kupitia samadi, lakini joto lililotoka haliwezi kurudi kwenye nyasi. Nishati mpya lazima itoke tena kwenye jua.